A ni Anza, R ni Rudi: babu, Land Rover na historia ya cheche

Kwenye kipindi kilichopita nilisema harakaharaka kwamba babu yangu aliijua Birmingham kabla baba hajazaliwa, na kwamba aliijua kupitia boksi la vipuri. Muda ulikuwa umeisha, tukapita. Hapa nina nafasi, basi acha nieleze vizuri, maana nyuma ya lile boksi kuna historia ndefu ya kifaa kinachoshikika kwa mkono mmoja. Kinaitwa distribyuta.

Babu alikuwa fundi wa magari Mombasa, upande wa Makupa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Land Rover zilikuwa nyingi, za serikali, za mashamba, za watu wa kujenga barabara. Vipuri vyake vya umeme vilikuja kwenye boksi zilizoandikwa Lucas, na chini yake Birmingham. Babu hakuwa amesoma Kiingereza sana. Miaka miwili mizima alidhani Birmingham ni jina la mtu, tajiri fulani mwenza wa bwana Lucas. Leo mimi naishi mwendo wa basi moja tu kutoka Hockley, mtaa ambao Joseph Lucas alianzia biashara kwenye miaka ya 1860, akisukuma mkokoteni na kuuza mafuta ya taa. Mwaka 1879 wakatoa taa ya baiskeli iliyoitwa King of the Road, ikawatajirisha. Magari yalipokuja wakahamia huko: taa, dainamo, koili, distribyuta. Kiwanda chao kikubwa kilikuwa Great King Street, hapo hapo Hockley. Na Land Rover yenyewe, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa inaundwa Solihull, ng'ambo ya pili ya mji. Yaani kila kitu alichokifungua babu Makupa kilitoka huku ninakoishi mimi, kisha wajukuu wake wakaja kuzaliwa huku. Nikimwambia hivyo anacheka tu. "Basi mmefuata vipuri," anasema.

Sasa, gari letu. Baba alinunua Land Rover la mwaka 1968 kwa mkulima mmoja huko Shropshire, miaka kumi na tatu iliyopita, kwa pesa ambazo mama hajazisamehe mpaka leo. Lilitembea miaka michache, likaanza kuchoka, likaegeshwa. Mwaka huu mama akatoa hukumu: likitembea kabla ya Idi libaki, lisipotembea liuzwe chuma chakavu. Mgongo wa baba haumruhusu kuinama kwenye boneti. Nikabaki mimi, na babu kwenye simu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Haya, lafanyani hilo gari?"

(Wale ambao hamkukulia na babu wa pwani: ndiyo, wajukuu wa kike sote ni wake zake. Ni utani wa kawaida, msishtuke.)

Nikamweleza. Lawaka kwa shida, likiwaka ni zito kama limefunga breki, likipanda kilima linachemka, na nikiachia mafuta linapiga baruti kwenye eksozi. Hakufikiri hata kidogo. "Taimingi iko nyuma. Fungua distribyuta."

Kabla hatujaifungua, turudi nyuma kidogo, kwa sababu neno hilo "taimingi" lina historia yake na bila historia hiyo hamtaelewa kwa nini babu alijibu haraka vile.

Ndani ya silinda mchanganyiko wa petroli na hewa haulipuki papo hapo. Unawaka, na kuwaka kunachukua muda, sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ni muda. Kwa hiyo cheche ya plagi lazima ipige kidogo kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili msukumo ufike kamili pistoni inapoanza kushuka. Cheche ikichelewa, moto unaifukuzia pistoni ambayo imeshaondoka: nguvu inapotea, joto linaishia kwenye eksozi. Ikiwahi mno, moto unaikandamiza pistoni ikiwa bado inapanda, na hapo ndipo injini inagonga. Tena kipimo sahihi hakikai mahali pamoja. Injini ikienda kasi, cheche inabidi iwahi zaidi, maana pistoni inakimbia lakini moto hauongezi mwendo kiasi hicho.

Magari ya mwanzo yalimwachia dereva kazi hii. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na vijiti viwili chini ya usukani. Cha kulia kilikuwa cha mafuta, cha kushoto kilikuwa cha cheche. Ukiongeza mwendo unakishusha, ukipanda kilima unakirudisha, na ukitaka kuwasha gari kwa hendeli lazima kwanza ukirudishe nyuma kabisa. Ukisahau, cheche inapiga mapema, pistoni inarudishwa chini kinyume, na hendeli inageuka kwenye mkono wako kwa nguvu ya injini nzima. Mikono mingi ilivunjika hivyo. Babu mwenyewe alifundishwa kushika hendeli bila kuizungushia kidole gumba, na alimfundisha baba, na baba alinifundisha mimi uani kwetu nikiwa na miaka tisa, bila kunieleza kwa nini.

Aliyeupa moto wa gari sura ambayo babu aliijua ni Mmarekani, Charles Kettering, wa Dayton, Ohio. Alikuwa ametoka kwenye kampuni ya mashine za kuhesabia pesa madukani. Yeye na wenzake wakaunda mfumo wa betri na koili, Cadillac wakauchukua kwa magari yao ya 1910, na kwenye magari ya 1912 wakaongeza stata ya umeme, hendeli ikaanza kupumzika. Mfumo wenyewe ni rahisi kuueleza. Umeme wa betri unapita kwenye koili kupitia pointi mbili za chuma zilizogusana. Kishafti katikati ya distribyuta kinazunguka, nundu yake inazisukuma pointi ziachane, umeme unakatika ghafla, na ule mkatiko wa ghafla ndio unaozaa volti elfu nyingi upande wa pili wa koili. Kondensa inameza umeme unaotaka kuruka kati ya pointi, ili mkatiko uwe msafi. Rota juu inaupokea ule umeme mkali na kuugawia plagi, moja baada ya nyingine. Kwenye injini ya silinda nne kama yetu, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hayo yote yanafanyika mara 100 kila sekunde. Mimi nikifikiria hivyo nashangaa kwamba gari lolote liliwahi kufika Nairobi.

Kisha wahandisi wakamnyang'anya dereva kile kijiti. Chini ya pointi wakaweka vyuma viwili vidogo vilivyoshikwa na springi: kishafti kikienda kasi vinatanuka na kuiwahisha cheche vyenyewe. Pembeni wakafunga kidude cha bati chenye ngozi nyembamba ndani, kinachonyonywa na paipu kutoka kwenye kabureta, ili cheche iwahi zaidi gari likitembea polepole bila mzigo. Dereva akabaki na usukani tu. Lakini mahali pa kuanzia, digrii ngapi kabla ya pistoni kufika juu, pakabaki mikononi mwa fundi.

Na fundi alipajuaje? Kitabu kilisema. Lakini kitabu kiliandikwa kwa petroli ya Uingereza na hewa ya Uingereza. Babu alikuwa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na ukiendelea na barabara ya Uganda, Timboroa ni zaidi ya mita 2,700. Huko juu hewa ni nyepesi, silinda inajaa kidogo, mchanganyiko unawaka taratibu na haugongi kwa urahisi. Mafundi wa bara waliwahisha taimingi ili gari lipate nguvu, na walikuwa na haki. Kisha gari lile lile linashuka, Voi, Mariakani, Mazeras, hewa inazidi kuwa nzito, na likifika Makupa likibebeshwa mzigo linagonga kama mlango. "Hiyo taimingi ya bara," babu alikuwa akiwaambia madereva. "Huku pwani itakutoboa pistoni." Anaigeuza kidogo, dereva anaondoka. Juma la pili dereva huyo huyo yuko Nairobi analalamika kwamba watu wa pwani wamemwibia nguvu ya gari.

Distribyuta za Lucas za wakati ule zilikuwa na kinati kidogo chenye meno, ukikizungusha kwa vidole kinalia tik, tik, na kila tik ni sehemu ndogo ya digrii. Pembeni yake zimechongwa herufi mbili, A na R, kuonesha upande wa kuwahisha na upande wa kuchelewesha. Ni Kiingereza, lakini kwa tandiboi wa Makupa babu alikuwa na tafsiri yake: A ni Anza, R ni Rudi. Nilipoisoma kwenye distribyuta yetu, chini ya matope ya Shropshire, nilijikuta nimetamka hivyo hivyo bila kufikiri. Mafundi wa klabu ya magari ya kale huku wana maneno yao, na mimi nayaelewa, ila kwenye kichwa changu ni Anza na Rudi.

Haya, tukafungua. Pointi kwanza. Kitabu kinataka nafasi ya inchi 0.014 mpaka 0.016 zinapoachana, babu husema tu "ya kumi na tano", yaani jani namba 15 la fila geji, na kama huna fila geji, karatasi ngumu ya pakiti ya sigara. Zetu zilikuwa karibu zinagusana. Kile kisigino kinachosuguana na nundu kilikuwa kimelika, na kadiri kinavyolika, pointi zinachelewa kuachana, na cheche inachelewa nazo. Ndiyo maana babu alijua kutoka Mombasa, kabla sijafungua chochote. Gari linaloendeshwa bila kuangaliwa, taimingi yake hurudi nyuma yenyewe, kila siku kidogo.

Lakini haikuwa hiyo pekee. Nilipozishika juu ya rota na kuizungusha kwa mkono ilitakiwa irudi yenyewe kwa springi, haikurudi. Grisi ya zamani imekauka, vile vyuma viwili vimeganda. Kisha babu akaniambia nichomoe ile paipu ya kidude cha bati, niinyonye kwa mdomo, halafu niizibe kwa ulimi. Ngozi ikiwa nzima, ulimi unashikwa. Wangu haukushikwa. Ngozi imetoboka. Kwa hiyo distribyuta ilikuwa imepoteza njia zake zote mbili za kuwahisha, imebaki na taimingi moja kama gari la zamani ambalo dereva amekisahau kijiti.

Nikasafisha, nikatia oili nyepesi, nikanunua kidude kipya, pointi, kondensa na rota, vyote mtandaoni kwa bei nzuri. Bei nzuri mno. Gari likawaka, likaenda maili nne, likafa mataa ya barabarani nyuma yangu basi linapiga honi. Rota mpya ilikuwa inavujisha umeme kupitia ribiti yake mpaka kwenye kishafti. Nilirudisha rota ya zamani, ile ya tangu enzi hizo, nikaipiga msasa kidogo, na mpaka leo iko pale. Babu alinicheka sana. Mimi sikucheka, nilikuwa nimesukuma gari la zaidi ya tani moja na nikiwa nimefunga.

Ndipo tukaweka taimingi. Plagi zimetolewa ili injini izunguke kirahisi, hendeli mkononi (kidole gumba nje), unazungusha polepole mpaka alama ya kwenye puli ikutane na mshale, huku rota ikielekea waya wa silinda ya kwanza. Unaunganisha balbu ndogo kati ya waya mwembamba wa distribyuta na bodi ya gari, unafungua swichi, unalegeza nati, unaigeuza distribyuta nzima taratibu. Balbu ikiwaka tu, simama. Hapo ndipo pointi zinapoachana, na hapo ndipo cheche. Ilipowaka, jioni, nikiwa peke yangu uani, niliita "Babu!" na simu ilikuwa ndani.

Hiyo ni taimingi ya kitabu. Petroli ya leo si ile ya kitabu, kwa hiyo ya mwisho inawekwa barabarani: unatafuta kilima, unapanda na gia kubwa huku umekanyaga mafuta, unawahisha tik chache, unarudi, unapanda tena, mpaka uisikie injini inagonga. Kisha unarudi kidogo mpaka sauti ipotee. Babu aliifanya kazi hii miaka arubaini, kwa sikio.

Na kuhusu sauti hiyo ya kugonga kuna jambo ambalo sikulijua kabla ya kuandaa kipindi, na bado linanisumbua. Moto mpya wa Kettering ulipoingia kwenye Cadillac, watu waliulaumu kwamba ndio unaoleta kugonga. Akaamua kuitafuta sababu, akampa kazi mhandisi kijana, Thomas Midgley. Mwezi Desemba 1921, kwenye maabara ya General Motors, Midgley akagundua kwamba petroli ikitiwa risasi kidogo haigongi. Ikaanza kuuzwa Dayton mwezi Februari 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja New Jersey walikufa kwa sumu ya dawa hiyo, wengine wakachanganyikiwa akili, lakini biashara ikaendelea. Ilienea dunia nzima. Uingereza iliipiga marufuku mwanzo wa mwaka 2000, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiacha kufikia mwanzo wa 2006, na ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021.

Nilimuuliza babu kama walijua. Akasema petroli ndiyo waliyonawia mikono kila jioni kabla ya kwenda msikitini, na petroli ndiyo waliyoinyonya kwa mpira kutoka kwenye tangi, na mara nyingine ilifika kooni. "Ilikuwa yanukia vizuri," akasema. Sikujua la kumjibu.

Magari ya sasa hayana distribyuta. Kuna kompyuta, na kwenye bloku ya injini kimefungwa kitambuzi kidogo ambacho kazi yake ni kusikiliza kugonga. Kikisikia tu, cheche inarudishwa nyuma kabla wewe hujajua kitu. Ni sikio la fundi, limefungwa kwa boliti. Sina ugomvi nalo. Ila Land Rover la 1968 halina, na babu ana miaka 83, na hapa ndipo tulipokwama.

Nilipanda barabara ya Lickey Hills simu ikiwa imewashwa kwenye kiti cha pembeni, ili babu asikie. Hakusikia chochote. Mwanzo tulilaumu WhatsApp, kwa sababu kweli inafuta kelele na kubakisha sauti ya mtu, na kwake injini ni kelele. Basi nikasimama, nikarekodi kwa njia nyingine, nikamtumia. Kimya. Kisha akasema, polepole, kwamba sauti nyembamba hazimfikii tena siku hizi, hata adhana ya msikiti wa mbali hukisia kwa saa tu. Hakuwa ameniambia. Nadhani hakuwa amemwambia mtu.

"Basi utasikia wewe," akasema. "Mimi n'takwambia inavyolia. Ushawahi kutia kokoto ndani ya mkebe wa Kimbo ukautikisa? Lakini mkebe uko chumba cha pili, na mlango umefungwa. Si kubwa. Wengi hawaisikii mpaka pistoni imetoboka."

Nikapanda mara ya kwanza: upepo, gia, mlango wa nyuma unaotikisika. Nikatia tik nne upande wa A. Mara ya pili, hakuna. Nne tena. Mara ya tatu, pale kilima kinapokuwa kikali karibu na juu, ikaja. Nyembamba, kavu, chini ya kelele zote. Kokoto, mkebe, chumba cha pili. Nilisisimka mwili mzima. Nikageuka, nikarudi tik tatu upande wa R, nikapanda tena. Ikapotea, na gari likavuta kama lina miaka kumi.

Nilirekodi zote mbili, kabla na baada, nikamtumia babu pamoja. Alizisikiliza kwa muda mrefu, zaidi ya urefu wa rekodi zenyewe.

"Hizi mbili zatofautiana?" akauliza.

"Ndiyo babu. Ya kwanza inagonga. Ya pili imenyamaza."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya. Usiiguse tena. Kaza nati."